Jiwe alilotuletea baba kutoka Misri: nitajuaje ni la mchanga, na rangi yake ni ya kweli?

"Marehemu baba alikuwa baharia. Mwaka 1978 meli yao ilikwama Safaga, Misri, akapata nafasi ya kwenda Luxor, akarudi na jiwe ambalo limekaa kwetu Mombasa, juu ya kabati la sebuleni, tangu nipate akili. Lina ukubwa wa sinia dogo: sentimita 30 kwa 20, unene kama 4, na mizani ya nyumbani inasoma kilo tano na kitu. Jiwe lenyewe ni la manjano ya udongo. Mbele pana picha ya mtu aliyegeuza uso upande, mwili mwekundu, kidani cha buluu, jicho jeusi. Imechorwa tu, haikuchongwa. Baba alisema muuzaji alimwambia limetoka kwenye kaburi la mfalme. Pembe moja imevunjika, na rangi nyekundu imeingia kidogo kwenye mvunjiko, inaharibu sura. Ukilipapasa nyuma, mchanga unabaki mkononi. Kaka yangu alilidondoshea ndimu kwa nyuma likatoa povu, akasema basi si jiwe la mchanga. Mjomba anasema rangi hizo ni za jiwe lenyewe, Mungu ndiye aliyezitia. Sasa kuna dalali anataka kulichukua, na kaka anataka kwanza tulioshe, tulipige msasa kidogo, tulipake vanishi ling'ae. Mimi ndiye niliyeachiwa kulitunza. Nitajuaje ni jiwe gani, na rangi hiyo ni rangi kweli? Ni la kale? Kaka anasema lipelekwe likapimwe kaboni."

Dada yangu, Mungu amrehemu mzee. Kabla sijajibu hata swali moja, naomba umnyang'anye kaka yako ule msasa na ile ndimu. Vanishi nayo irudi dukani. Sababu nitaieleza huko mbele, lakini elewa kwamba nusu ya majibu unayoyatafuta yamo ndani ya uchafu na mvunjiko huohuo mnaotaka kuusafisha. Ukishapita msasa, hakuna fundi wala profesa atakayeyarudisha.

Umeuliza mambo matatu kana kwamba ni moja: jiwe ni la aina gani, rangi iliingiaje, na kitu chote kina umri gani. Yatenganishe. Jiwe linaweza kuwa la mchanga halisi, limechimbwa Misri kwelikweli, na picha ikawa imechorwa wiki moja kabla baba yako hajashuka melini. Mawe ya mchanga ya kusini mwa Misri yana zaidi ya miaka milioni 65, kwa hiyo muuzaji akisema "jiwe hili ni la kale" hasemi uongo, na wala hajakwambia lolote. Kokoto la barabarani nalo ni la kale. Unachotaka kujua ni siku brashi ilipoligusa.

Tuanze na jiwe. Fikiria kashata. Njugu zimeshikamana kwa sukari iliyoyeyushwa ikaganda. Jiwe la mchanga limejengwa hivyo hivyo: njugu ni chembe za mchanga, kwa kawaida za kwatzi (madini magumu yanayofanana na kioo), kila moja ikiwa kati ya sehemu ndogo ya milimita na milimita 2, na sukari ni kitu kilichopenya katikati yao zamani, kikaganda. "Sukari" hiyo si moja kwa mawe yote. Kuna mawe yaliyoshikwa na silika, yaani maada ileile ya kwatzi, nayo ni magumu sana. Mengine yameshikwa na kutu ya chuma, mengine na udongo wa mfinyanzi, mengine na chokaa. Ndiyo maana mawe mawili yote yakaitwa ya mchanga, moja likavunja nyundo na jingine likapukutika kiganjani.

Ukiielewa kashata, ndimu ya kaka yako inajieleza. Asidi ya ndimu hutoa povu inapokutana na chokaa. Haiulizi chokaa iko wapi. Jiwe lote likiwa la chokaa, povu. Mchanga ukiwa umeshikwa na chokaa, povu pia, linatoka katikati ya chembe. Saruji ya dukani ikiwemo, povu. Vumbi la ukuta wa nyumba ya Mombasa likiwa limeganda nyuma ya jiwe kwa miaka arobaini na kitu, povu vilevile, kwa sababu kuta zetu za matumbawe na chokaa hazikosi vumbi hilo. Kwa hiyo povu peke yake halikatai jiwe la mchanga. Linalosema ukweli zaidi ni kile kilichobaki baada ya povu. Paangalie pale alipodondoshea, kwa kioo cha kukuzia. Pakiwa pameyeyuka na kuacha kidimbwi laini, elekea kwenye jiwe la chokaa. Pakiwa pamebaki chembe za mchanga zilizolegea, kama njugu baada ya sukari kulambwa, basi una mchanga ulioshikwa na chokaa, au una mchanga ulioshikwa na saruji. Usilirudie jaribio. Moja linatosha, na bahati nzuri alilifanya nyuma.

Kuhusu mchanga unaobaki mkononi, watu wengi huusoma kama dalili ya ukale: "limechoka kwa miaka". Hapana. Ni dalili kwamba kiunganishi ni dhaifu. Jiwe changa kutoka machimbo ya leo hupukutika kama ni la aina hiyo, na kigae cha mchanga na saruji iliyopunjwa hupukutika zaidi ya vyote. Waulize mafundi wanaotengeneza matofali ya kuuza.

Uzito ulioutaja unatusaidia kidogo, na nakushukuru kwa kupima. Vipimo vyako vinaleta kama sentimita za ujazo 2,400. Jiwe la mchanga la kawaida lingekupa kilo 5 hadi 5 na nusu. Kipande cha jasi, ile plasta nyeupe ya mapambo, kisingefika kilo 3. Jiwe la Kisii lingepita 6, na tena ungelitambua kwa mkono, lina utelezi kama sabuni na kucha inalikwaruza. Kwa hiyo hayo mawili yatoe. Lakini mchanga na saruji vikimwagwa kwenye kalibu vinakuja karibu na kilo 5 pia, na hapo mizani inanyamaza. Jaribio la kukwaruza chupa nalo linanyamaza mahali hapohapo: chembe za kwatzi hukwaruza kioo, chokaa haikwaruzi, lakini saruji ya mchanga imejaa kwatzi ileile.

Kinachotenganisha jiwe na kigae cha kalibu ni mvunjiko. Chukua kioo cha kukuzia, kile cha mara kumi wanachotumia masonara, simama dirishani asubuhi, na utazame pembe iliyovunjika kwa utulivu. Kigae cha kalibu huwa na vitundu vya mviringo, vya hewa iliyonaswa, vya mviringo kabisa kama vya mkate. Upande uliolalia kalibu huwa na ngozi nyembamba laini kuliko ndani. Chembe zimechanganyika ovyo, kubwa kwa ndogo, na mara nyingine utaona kipande cha kombe au changarawe kimezama humo kama zabibu kwenye keki. Jiwe la asili halina tabia hiyo. Nafasi zake ni za pembe pembe, kati ya chembe na chembe. Mchanga ulioletwa na maji au upepo hupangwa, kwa hiyo utaona tabaka, mstari wenye chembe kubwa kidogo, juu yake mstari wenye chembe ndogo, wakati mwingine tabaka zimeinama kama mawimbi yaliyogandishwa.

Kama hujawahi kuliona jambo hili, wewe una bahati ya mahali. Jiwe la Mazeras, lile linalotandazwa kwenye njia za bustani na kubandikwa kwenye kuta za mbele za nyumba huko kwenu, ni jiwe la mchanga halisi. Omba kipande kilichovunjika kwa fundi yeyote wa kutandaza mawe, kiweke kando ya jiwe la mzee, kisha chukua na kipande cha lipu ya saruji iliyobomolewa. Viangalie vyote vitatu kwa kioo kimoja, kwa mwanga mmoja. Dakika kumi za kulinganisha zitakufundisha kuliko aya zangu zote hizi. Mimi mwenyewe sikufundishwa mawe kwa kitabu. Nilipewa sanduku la vipande na kuambiwa nisirudi mpaka nivipange.

Sasa mjomba. Usimcheke, kwa sababu anachokisema kipo. Mawe ya mchanga hupakwa rangi na ardhi yenyewe. Maji yenye madini ya chuma hupita ndani ya jiwe, yanakutana na hewa, chuma kinapata kutu, na kutu hiyo inabaki humo: nyekundu, manjano, kahawia, zambarau. Mara nyingine inajipanga katika duara na mistari mizuri mno, utadhani mtu kashika brashi. Kule Petra, Yordani, kuna vyumba vilivyochongwa mwambani ambavyo kuta na dari zake zina mawimbi ya waridi, meupe na ya kutu, na hakuna mchoraji aliyewahi kuyagusa. Watu hukata mawe ya namna hiyo wakayauza kama "picha za asili", na ni halali yao.

Ila rangi ya asili ina sharti moja: inaingia ndani. Mstari mwekundu ukiwa wa jiwe, ukiufuata ukafika kwenye mvunjiko utauona unaendelea kwenye unene, unakata jiwe kama tabaka la keki. Rangi ya brashi inakaa juu. Kwa kioo utaona utando unaopita juu ya chembe na kuziba nafasi katikati yao, una ukingo, mahali pengine una michirizi ya nywele za brashi. Ipo na njia ya tatu ya kati, rangi ya maji maji iliyolowekwa, ambayo inapenya milimita moja au mbili na kujaa kwenye nyufa. Hiyo utaitambua kwa kuwa inafifia kadiri unavyoingia ndani, wala haifuati tabaka lolote. Kwa jiwe lako sihitaji kulishika kujibu hili: ardhi haichori jicho, na buluu safi ya kidani haitoki kwenye kutu ya chuma. Manjano ya jiwe ni ya Mungu, mjomba kashinda hapo. Picha ni ya mkono wa mtu.

Mkono upi, na wa lini? Hapa ndipo maelezo yako yenyewe yamesema zaidi ya ulivyokusudia.

Kwanza lile kaburi la mfalme. Makaburi ya Bonde la Wafalme, ng'ambo ya mto kutoka Luxor, yamechimbwa kwenye milima ya chokaa, na picha zake ziko juu ya chokaa au juu ya plasta iliyopakwa ukutani. Jiwe la mchanga ni jiwe la mahekalu: Karnak, Luxor, Medinet Habu, na kupanda mto kwenda Esna, Edfu na Kom Ombo. Sehemu kubwa yake ilichimbwa Gebel el-Silsila, mahali ambapo Nile inabanwa na miamba miwili, ikateremshwa kwa mashua. Kwa hiyo kama jiwe ni la mchanga, hadithi ya muuzaji ina ufa. Kama ni la chokaa, hadithi inapona kidogo, lakini uzito na ule mchanga wa mkononi havikubaliani nayo vizuri.

Pili, umesema picha imechorwa tu, haikuchongwa. Kwenye mahekalu ya mawe ya mchanga, desturi ilikuwa kuchonga kwanza, ama sura itokeze ama izame, halafu ndipo rangi ipakwe juu ya mchongo, mara nyingi juu ya tandiko jembamba jeupe. Picha bapa, za brashi tupu, zilikuwa za kwenye plasta ya makaburini, au michoro ya mazoezi na kumbukumbu ambayo mafundi waliichora kwenye vibanzi vya chokaa na vigae vya vyungu. Mtu mwekundu aliyechorwa bapa, moja kwa moja juu ya jiwe la mchanga, katikati kabisa ya kipande chenye ukubwa wa kubebeka mkobani, ananifanya nikune kichwa. Hekalu lilichorwa kwa ukuta, na kipande kilichoanguka kutoka ukutani hukata watu vibaya: kinakuletea nusu ya mguu, bega, pembe ya kiti. Hakikuletei picha nzima iliyojipanga vizuri kwenye fremu.

Tatu, na hili ndilo ninalolipenda, ile rangi nyekundu iliyoingia kwenye mvunjiko. Wewe umeliona kama kasoro. Mimi nimeliona kama saa. Rangi ikiingia juu ya uso uliovunjika, maana yake jiwe lilikuwa limeshavunjika brashi ilipofika. Kipande cha kweli cha ukuta kilichorwa kikiwa kizima, ndipo kikavunjika. Rangi hukatika ghafla ukingoni, na mvunjiko unabaki mtupu. Nakiri kuna maelezo mengine. Inawezekana mtu aliyekuwa nalo kabla ya baba aliongeza rangi ili kuficha pengo, na kitu hicho madukani kilikuwa cha kila siku. Kwa hiyo angalia tena kwa kioo: je, wekundu wa kwenye mvunjiko na wekundu wa mwilini ni uleule, wenye mng'ao uleule, chembe zilezile? Ukiwa tofauti, kuna mikono miwili. Ukiwa uleule, mimi ningeshaacha kuota.

Kuna mambo mawili ambayo watu huyategemea na hayategemeki. La kwanza ni ung'avu wa rangi. Utasikia "buluu hii haijafifia, basi ni mpya". Sivyo. Wamisri wa kale walikuwa na buluu yao ya kutengeneza, iliyochomwa kutokana na mchanga, chokaa na shaba, na imebaki buluu kwa maelfu ya miaka. Kwa kioo inaonekana kama vioo vilivyosagwa, chembe kubwa kubwa zenye kumetameta. Buluu ya kopo la leo ni utando laini usio na chembe. Tena ile ya kale ina maajabu yake: ikimulikwa mwanga mwekundu hutoa mwanga usioonekana kwa macho ambao kamera maalumu inaunasa, na kipande kidogo mno kinawaka kama nyota gizani. La pili ni maji. Wengine hufuta kwa pamba mbichi, rangi ikitoka wanasema ni bandia. Rangi za kale za Misri zilishikwa na gundi, ya mgunga au ya ngozi, na gundi hizo huyeyuka kwenye maji hata leo. Nikiwa mwanafunzi niliwahi kupitisha pamba yenye unyevu kwenye kipande kilichokuwa kimesubiri karne nyingi bila kudhurika. Pamba ikarudi nyekundu. Mwalimu wangu hakunigombeza, alikaa tu kimya mpaka jioni, na ningependelea kofi.

Kwa hiyo hukumu yangu ya mbali, bila kulishika, ni hii: nadhani jiwe linaweza kabisa kuwa la mchanga halisi la huko huko, kwa kuwa mawe yapo tele na hakuna sababu ya kumwaga saruji pale ambapo jiwe ni la bure, na nadhani picha ilichorwa kwa ajili ya wageni. Luxor ina mafundi wa kazi hiyo tangu enzi za babu zao, na baadhi yao ni hodari kuliko wanavyolipwa. Lile povu la ndimu ndilo linalonizuia kufunga faili, kwa sababu jiwe la mchanga la upande ule kwa sehemu kubwa halikushikwa na chokaa. Huenda ni vumbi la ukuta wenu, huenda ni saruji. Mvunjiko utasema.

Kaboni msahau kabisa. Kipimo kile kinasoma umri wa vitu vilivyowahi kuwa hai, kama mti, mfupa, nguo au mkaa. Jiwe halikuwahi kuwa hai. Gundi iliyo ndani ya rangi ingeweza kupimwa, lakini itabidi mtu akwangue sehemu ya picha, na masizi ya jiko na mafuta ya mikono ya miaka yote hii yatachafua jibu. Chombo chenye manufaa kwa kitu kama hiki ni kile kinachofanana na bastola, kinachomulika eksirei na kusoma elementi zilizomo bila kugusa. Buluu ikionyesha shaba nyingi, tunaendelea kuzungumza. Nyeupe ikijaa metali iitwayo titani, mazungumzo yamekwisha karibu yote, kwa sababu rangi nyeupe ya titani haikuwepo kabla ya karne ya 20. Nasema "karibu" kwa sababu mchanga wenyewe una titani kidogo, na mpimaji asiye makini anaweza kupima jiwe akidhani anapima rangi.

Nirudi kwenye vanishi, maana nina hofu kaka yako bado ameishika. Wewe ni mtu wa Mombasa, umeshaona ukuta wa matumbawe uliopakwa rangi ya mafuta. Mwaka wa kwanza unapendeza. Wa pili unatoa malengelenge chini chini, wa tatu rangi inabanduka kama ngozi ya nyoka na nyuma yake kuna unga mweupe. Ule unga ni chumvi. Maji yanaingia ukutani, yanayeyusha chumvi, yanataka kutoka usoni, yanakuta mlango umefungwa. Chumvi inaganda nyuma ya rangi, inavimba, inaisukuma. Wazee walipaka chokaa kwa sababu chokaa inapumua. Jiwe la mchanga nalo limejaa nafasi, na kama lilikaa kwenye ardhi ya Misri lina chumvi. Mahekalu ya Luxor na Karnak yameteswa na chumvi ileile, hasa maji ya ardhini yalipopanda baada ya Bwawa Kuu la Aswan kukamilika mwaka 1970. Likae kwenye unyevu wenu wa pwani likiwa limezibwa na vanishi, na picha ya baba itaondoka vipande vipande ikiwa imeganda kwenye vanishi yenyewe. Hata kama picha ni ya 1978, ni picha ya baba yako.

Msasa una ubaya mwingine, wa kwenu ninyi. Vumbi la kwatzi likiingia mapafuni halitoki, na baadhi ya manjano na machungwa ya kale yalitengenezwa kwa madini yenye aseniki, ambayo ni sumu. Usikwangue, na ukilishika nawa mikono kabla ya kula. Hatua hizo hazina hasara hata likiwa bandia.

Kulitunza ni kazi ndogo. Literemshe kutoka juu ya kabati, lilaze kwenye rafu kavu juu ya kitambaa cheupe cha pamba, mbali na jiko, jua na upepo wa kiyoyozi. Usilifunge kwenye nailoni, litatoa jasho na ukungu. Usilitundike kwa waya. Vumbi liondoe kwa brashi laini ya vipodozi, tena ikiwa tu rangi haibanduki. Ukiona magamba ya rangi yanainuka, au unga mweupe unaota juu yake, usiguse tena chochote. Hapo linahitaji mtu wa kulihudumia ana kwa ana, na haraka.

Hata bila dalili hizo ningekushauri lionwe. Huna haja ya kwenda mbali: makumbusho ya Fort Jesus iko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na huko ndiko pa kuuliza nani analifahamu jiwe lililochorwa. Piga picha kwanza, si ya mbele tu. Piga ya nyuma, ya kingo zote nne, ya mvunjiko kwa karibu ukiweka rula kando, na moja ya mbele usiku, taa zote zimezimwa, tochi ya simu imelazwa ubavuni ili mwanga upite juu ya uso wa jiwe. Picha hiyo ya mwisho huonyesha brashi, mikwaruzo ya vifaa na tandiko la chini kuliko mchana wote.

Na dalali? Simpendi, na nitakuambia kwa nini bila kumjua. Kama jiwe ni la wageni, atakachouza ni uongo, na jina litakalobaki kwa mnunuzi ni lenu. Kama ni la kale, Sheria namba 117 ya mwaka 1983 ya Misri ilipiga marufuku biashara ya vitu vya kale na kuvifanya mali ya dola. Kabla ya hapo palikuwa na wauzaji wenye leseni na vibali vya kutoa vitu nje, na baba yako alinunua 1978, kwa hiyo si lazima awe alikosea. Lakini bila karatasi huwezi kuonyesha hivyo, na mnunuzi yeyote makini, au mnada, au ofisa wa forodha, atauliza karatasi kabla ya kuuliza bei. Ikidhihirika kwamba ni la kale na karatasi hakuna, njia safi ni makumbusho ikusaidie kuwasiliana na ubalozi wa Misri ulioko Nairobi. Najua kaka hatalifurahia jibu hilo. Mwambie pia kwamba, kwa ninavyoona mimi, uwezekano wa kufika huko ni mdogo.

Mabaharia wa zamani walikuwa watu wa kutunza karatasi. Kama sanduku lake la safari bado lipo, kabla hujakwenda Fort Jesus lifungue, tafuta kitabu chake cha ubaharia chenye mihuri ya bandari, na uangalie ndani ya jalada na chini ya bitana ya sanduku. Unatafuta kikaratasi cha Kiarabu chenye namba au muhuri wa duka, hata kiwe kimefifia. Kiweke kwenye bahasha, usikibandike kwa selotepu, na uende nacho.